Mama hataki nihame, na kadi ya mshahara anakaa nayo yeye

SWALI: Shikamoo mshauri. Mimi ni binti wa miaka 28, naishi Mbagala na mama yangu pamoja na mdogo wangu wa kiume wa miaka 22. Nilisoma Chuo Kikuu cha Dodoma, nikarudi nyumbani, sasa ni mhasibu kwenye kampuni ya usafirishaji kwa mshahara wa 850,000. Baba yupo, ila ana mke mwingine Morogoro na huja kwetu mara moja moja. Akija, mama hasemi naye. Mambo ya ada na bati linalovuja ananituma mimi. Umeme, chakula na ada ya mdogo wangu ni juu yangu. Kadi yangu ya benki anakaa nayo mama tangu nianze kazi, mimi ananipa nauli na cha kula mchana. Mwaka jana nilipata kazi Mwanza, mama akapandwa na presha akalazwa, nikaiacha. Sasa nimepata Dodoma, mshahara 1,100,000, nianze baada ya wiki sita. Mama anasema mtoto wa kike hatoki kwao ila kwa mume, na nikienda hanipi radhi yake. Je, nikienda nitakuwa nimemkosea? Na kama si kosa, nifanyeje?

JIBU: Marahaba, binti yangu. La kwanza nalijibu hapa hapa: kwenda kufanya kazi Dodoma ukiwa na miaka 28, huku ukiendelea kumtunza mama yako, si kumkosea. Hilo la nifanyeje ndilo refu.

Umeniuliza habari ya kuhama, ila mimi jicho langu limegota kwenye kadi. Najua ilianza vizuri. Mtoto akipata mshahara wa kwanza humpelekea mama, mama akaupokea kwa mikono miwili, akaomba dua, akamrudishia kidogo. Ni desturi nzuri, siitii doa. Lakini mshahara wa kwanza huwa mmoja. Wako umeendelea kuwa wa kwanza kila mwezi hadi leo, na wewe mhasibu mzima, unayefunga hesabu za kampuni ya watu, unasimama mlangoni asubuhi kungoja nauli.

Mtu akihama huku kadi ameiacha nyuma, hajahama. Atapanda treni, atapata chumba, halafu ukifika mwisho wa mwezi atapiga simu kuomba pesa yake mwenyewe. Kwa hiyo kwangu mimi kazi inaanzia kwenye kadi, Dodoma ni baadaye. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18. Wewe mstari huo uliuvuka miaka kumi iliyopita. Akaunti ni mkataba kati yako na benki, na benki zinakataza kumpa mtu namba ya siri hata awe mzazi. Siku pesa ikitoka kimakosa huna pa kulalamika.

Sasa tumzungumze mama. Wazazi wanaowashikilia watoto wazima wana sababu nyingi, na wenye roho mbaya kati yao ni wachache kuliko vijana wanavyodhani. Ninaowaona mara kwa mara ni wale ambao mtoto ameshika nafasi fulani ndani ya nyumba, na akiondoka nafasi ile inabaki wazi bila wa kuiziba. Wewe pale Mbagala umeshika nafasi ngapi? Unanunua umeme. Unalisha nyumba. Unasomesha. Usiku mama ana mtu wa kuongea naye. Na zaidi ya yote, baba akija, wewe ndiye unayesema yale ambayo mke alipaswa kumwambia mumewe.

Hiyo ya mwisho ndiyo nzito. Murray Bowen, daktari wa akili wa Marekani aliyefariki mwaka 1990, aliandika sana juu ya hali hii: watu wawili wakiwa na mvutano wasioweza kuukabili, humvuta wa tatu akae katikati ili joto lipungue. Mara nyingi wa tatu huyo ni mtoto, na mara nyingi ni mtoto mwenye huruma kuliko wenzake. Anayekaa katikati hapo haachiwi kirahisi. Si kwamba hapendwi. Ni kwamba akitoka, wale wawili itabidi watazamane.

Kuna swali hukuligusa: nyumba ya Mbagala ina jina la nani? Nauliza kwa sababu mwanamke ambaye mumewe ana mji mwingine, asiye na kiinua mgongo wala pensheni, hulala akiwaza siku atakayoambiwa apishe. Binti mwenye kazi akiwa ndani ya nyumba, mama anahesabu ana ngao. Ikiwa hofu yake ndiyo hiyo, umfanyie kitu cha maana kuliko kukaa: mpeleke kwa wasaidizi wa kisheria. Wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 na huduma yao ni bure. Watamweleza kwamba kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamzuia mume kuuza, kugawa, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mke, maadamu ndoa ingalipo. Nimewaona akina mama wakipumua baada ya kusikia maneno hayo tu, na wiki hiyo hiyo kelele za “usiende” zikapungua. Si wote. Lakini jaribu.

Presha. Hapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu ndipo mabinti wengi wanapokwama. Presha ya mama yako inawezekana ni ugonjwa wa kweli, na ugonjwa wa kweli unapimwa na kutibiwa. Kipimo kikisoma 140 kwa 90 au zaidi mara kadhaa, siku tofauti, mtu ametulia, huyo ana shinikizo la juu la damu na anahitaji dawa kila siku, kupunguza chumvi na kurudi kliniki kwa tarehe. Kilichopanda siku ya ugomvi kwa kawaida hushuka ugomvi ukiisha; kinacholeta kiharusi ni ile presha inayokaa juu miaka bila dawa kwa sababu kila mtu nyumbani ameamini dawa yake ni binti kutohama. Alipolazwa mwaka jana, aliandikiwa vidonge? Anavimeza? Daftari lake la kliniki liko wapi? Nenda naye wiki hii. Ukirudi, mkalishe mdogo wako chini, mwonyeshe vidonge na saa ya kumeza, umwambie kuanzia leo hii ni kazi yake.

Maana huyo naye nimemsoma kwenye barua yako, kijana wa miaka 22 ambaye hakuna anayemuuliza kitu. Kununua umeme kwa simu hakuhitaji shahada. Nyumba nyingi zinazomng'ang'ania binti mmoja zina kijana mmoja amelala sebuleni, na sijui kwa nini tumekubaliana kutomwona.

Tuje kwenye radhi. Hilo ni neno zito, na ushauri wa kusema “usijali, ni vitisho tu” mimi sikupi, kwa sababu usiku utalala nalo wewe. Mimi si sheikh, na suala la dini ulipeleke kwa mwenye elimu. Ninachoweza kukukumbusha ni kwamba aya ya 15 ya Sura Luqman inataja hali kubwa kuliko yako, wazazi wanaomshurutisha mtoto amshirikishe Mungu. Mtoto ameambiwa asiwatii, na hapo hapo ameambiwa akae nao duniani kwa wema. Dodoma siifananishi na shirki hata kidogo. Nasema tu kwamba hata pale, wema kwa wazazi haukuondoka pamoja na kutii. Sheikh ukimwendea usimuulize “nimwache mama?”, maana hilo jibu lake unalijua tangu nyumbani. Mweleze yote: una miaka mingapi, nani analisha nyumba, kazi ni ya namna gani, utalala wapi na nani, utamtunzaje mama. Huenda akakuwekea masharti ya makazi yenye stara, au ya kuwa karibu na ndugu. Yasikilize. Masharti ya jinsi ya kwenda yanafanyiwa kazi. Kilichokukwamisha mpaka sasa ni katazo lisilo na masharti.

Na hili la mtoto wa kike hatoki kwao ila kwa mume. Mama hakulitunga, ndivyo alivyolelewa. Lakini watu wakisema mila zetu hazijui mtoto kuondoka, huwa nawakumbusha Wanyakyusa wa Rungwe. Monica Wilson na mumewe Godfrey walikaa huko miaka ya 1930 na kuandika jinsi wavulana wa umri mmoja, tangu miaka kama kumi hivi, walivyotoka nyumba za wazazi wakajenga kijiji chao pembeni na kulala huko. Chakula waliendelea kula kwa mama zao, tena kwa makundi, leo kwa huyu kesho kwa yule, na shamba la baba waliendelea kulilima. Walitenganishwa kwa malazi, si kwa chungu wala kwa jembe. Unaweza kunijibu kwamba hao walikuwa wavulana, na utakuwa umesema kweli. Binti alitoka kwa kuolewa. Ila binti wa wakati ule hakuwa ndiye anayelisha nyumba ya baba yake. Mama akishakubali mtoto wa kike abebe mzigo wa mwanamume, ameshaibadilisha mila kwa mkono wake, na sehemu iliyobaki ndiyo ile inayomfaa.

Usimwambie hivyo, tafadhali. Nakwambia wewe ili usibebe hatia isiyo yako.

Tena hoja iliyo nzuri zaidi iko kwenye maisha yenu. Ulikwenda Dodoma hiyo hiyo ukiwa mdogo zaidi, ukakaa miaka yote ya chuo, mama akakufungia sanduku mwenyewe. Enzi hizo ilikuwa basi tangu asubuhi mpaka jioni. Tangu 2024 kuna treni ya reli mpya, SGR, safari ya muda wa saa nne hivi umefika. Kwa nini chuo alikuruhusu na kazini anakukatalia? Kwa sababu chuo alijua utarudi na cheti. Kazini anaogopa hutarudi na chochote. Basi mwonyeshe utakachorudi nacho, kwa tarakimu.

Wewe ni mhasibu, kwa hiyo tukae kihasibu. Nachukulia 1,100,000 ni mshahara wa msingi na bado unadaiwa mkopo wa chuo na Bodi ya Mikopo. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 10, inakatwa 110,000. Kodi ya mapato kwa viwango vya sasa, karibu 125,500. Bodi asilimia 15, yaani 165,000. Mkononi inabaki takriban 699,500. Mpe mama 200,000 kila mwezi, kiwango kisichobadilika, siku ile ile mshahara unapoingia, kwa simu yake. Ukiweka 150,000 ya pango, unabakiwa na karibu 350,000 ya kula, nauli, umeme na akiba. Si utajiri, lakini unaishi. Ada ya mdogo wako imebaki ya muda gani? Kama bado, baba yake yupo Morogoro na ana simu.

Tatizo ni mwanzo. Wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na dalali anadai ya mwezi mmoja. Chumba cha 150,000 maana yake 1,050,000 taslimu kabla hujanunua hata godoro. Mishahara miwili utakayoipata kabla ya kuondoka, ukitoa ya mama na nauli yako, haifiki hapo. Kwa hiyo usianze na chumba cha peke yako. Tafuta mfanyakazi mwenzako wa kike wa kuchangia naye nyumba, au omba kwa ndugu kwa miezi mitatu ya mwanzo. Hilo litamtuliza mama, na sheikh naye huenda akakwambia hilo hilo.

Kuhusu kadi, usiibe. Wengine watakushauri ufungue akaunti nyingine kimya kimya na umwambie mwajiri abadilishe. Mama atagundua mwezi ule ule, na kuanzia hapo kila utakachosema kitakuwa uongo. Nenda benki na kitambulisho chako, badili namba ya siri, ikibidi omba kadi mpya. Jioni hiyo hiyo mwambie: “Mama, kadi kuanzia leo nakaa nayo. Fungu lako hili hapa.” Umpe mkononi, noti, palepale. Atasema umepata mwanamume anayekufundisha. Wanasema hivyo karibu wote. Usijitetee. Anayejitetea ameingia kwenye kesi.

Na kabla ya hapo angalia vyeti vyako na kitambulisho cha NIDA viko wapi. Kama viko kwenye kabati la mama, vitoe mapema ukiwa na sababu ya kazi, vipige nakala, vikae kwako.

Kumweleza safari yenyewe, usiitishe kikao cha ukoo. Wajomba na baba wadogo watakaa, watakunywa chai, na kila mmoja atakuwa anawaza jambo moja: huyu akiondoka, simu ya presha usiku itapigwa kwa nani? Watapiga kura ubaki. Tafuta mtu mmoja tu ambaye mama humsikiliza. Kama ulichezwa unyago, somo wako, yule aliyekufunda, angali hai? Mwendee na khanga, umweleze. Au mama mkubwa. Huyo akae upande wa mama siku hiyo, si upande wako. Kazi yake ni kumshika mama mkono, wewe huhitaji wakili.

Chagua jioni tulivu, chakula kimeliwa. Sema kwa ufupi: “Mama, nimepata kazi Dodoma, naanza tarehe fulani. Nimekuja kukuaga na kuomba dua yako. Kila mwezi nitaleta kiasi hiki, na mwisho wa mwezi wa kwanza nitakuja.” Angalia hakuna swali ndani yake. Mwaka jana nina hakika ulisema “mama unaonaje nikienda Mwanza?”, naye akakwambia anavyoona. Atakapolia, kaa naye, mpe maji, usiondoke chumbani. Usiongeze sababu, maana kila sababu utakayoitoa atapata ya kuipindua, na usiku utakwisha mkibishana juu ya vumbi la Dodoma.

Wiki za mwanzo zitakuwa mbaya kuliko sasa, jiandae. Atapiga simu ukiwa kazini. Utaambiwa yuko hoi, utaambiwa amekataa kula. Jambo linalojulikana vizuri katika kazi yetu ni kwamba tabia iliyokuwa ikifanikiwa, ikianza kushindwa, huongezeka kwanza kabla ya kupungua. Ukirudi katikati ya kilele hicho, umemfundisha kipimo cha kukurudisha. Weka saa ya simu, tuseme baada ya Isha, na uipige wewe kila siku bila kukosa. Mtu anayejua atapigiwa hana haja ya kupiga mara nane mchana. Ukipewa habari ya ugonjwa, mpigie jirani au mdogo wako ampeleke kupimwa, na namba za kipimo wakutumie. Ukiambiwa 150 kwa 95, huyo akamwone daktari wake. Akizidi 180 kwa 120, au mdomo umepinda, mkono hauna nguvu, kifua kinabana, huyo hospitali sasa hivi na wewe panda treni. Ukiambiwa “hajisikii vizuri”, mpigie muongee.

Majibu haya yote ni kwa mama anayetumia machozi, kikao na radhi. Yangekuwa mengine kama angekuwa amepooza na hana mtu mwingine. Hapo tungezungumza habari ya kumhamisha naye au kuajiri msaidizi. Na kama kuna kipigo, kufungiwa ndani au kuchomewa vyeti, hakuna kuaga: ni kuondoka na kufika Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi.

Jambo la haraka ni notisi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka anayelipwa kwa mwezi atoe notisi isiyopungua siku 28, na wewe una wiki sita tu. Soma mkataba wako, huenda umeandika zaidi. Jibu barua ya Dodoma kwanza kwa maandishi, upate uthibitisho wao, ndipo ukabidhi notisi hapo kazini, na nakala igongwe muhuri wa kupokelewa. Kisha ndipo umkalishe mama. Usigeuze mpangilio huo, maana ukimwambia mama kabla ya notisi, hutaiandika.